Kabla ya kufomati, uliza hizo kurasa zafunguka saa ngapi: kisa cha saiba moja Mwembe Tayari

Naandika kisa hiki kizima kizima kwa sababu nimechoka kuona watu wakitozwa pesa ya kufomati kompyuta, yaani kuifuta yote na kuanza upya, kwa shida ambayo haitaki kufomati, na mara nyengine hata ukifomati yarudi vilevile, mtu aishia kuamini mashine yake ina jini.

Mashine yenyewe ni ya kaunta, kwenye saiba ndogo upande wa Mwembe Tayari, na kazi zake ni zile za kila saiba ya Mombasa: kuprinti, kuskani, kujaza fomu za paspoti na za cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, ile saiti ya huduma za serikali, CV za vijana wanaotafuta kazi bandarini na mahotelini, na ikikaribia tarehe 30 Juni ndio balaa, kila mtu ataka kujaziwa ritani za ushuru za KRA na foleni yafika nje barazani. Mwenye saiba ni mama wa makamo, amemuweka kijana mmoja wa kumsaidia, na mimi huwa naitwa printa ikigoma.

Siku hiyo si printa. "Fundi mwanangu, njoo utizame hii kompyuta, imeingia kitu. Yafungua makurasa ya kamari na ya watu uchi mbele ya wateja, alikuwa hapa ustadhi wa watu yuaprinti mtihani wa madrasa, wallahi nilitamani ardhi ipasuke nizame." Fundi mwengine alishaitazama na akatoa hukumu pale pale amesimama, virusi, ipigwe fomati. Mama akasita kwa vile humo ndani mna skani za wateja, hesabu zake za duka, na printa kubwa ambayo kuiunganisha ilikuwa vita.

Nikamuuliza swali ambalo kwangu ndio nusu ya kazi: mama, hizo kurasa zafunguka saa ngapi, mtu akifanya nini? Akaniambia zafunguka tu, wakati wowote. Hivyo ndivyo karibu kila mtu hujibu na si kosa lake, mtu akishikwa na aibu mbele ya mteja hatizami saa. Lakini mimi siamini "wakati wowote", kwa sababu hakuna ukurasa unaojifungua bila kitu kuufungua, na kila kitu kina tabia yake na wakati wake, kwa hivyo ukijua wakati ushakaribia kumjua mwenyewe. Basi tukaweka kiti, kijana akachukua karatasi ya printi iliyoharibika, na kila kikitokea kitu yuaandika saa, na kilikuja vipi, na nani alikuwa ameshika mausi.

Kabla ya hapo nilitazama jambo moja la haraka ambalo watu huliruka. Kompyuta nyengine ya pale saiba yatumia waifai ileile, na simu ya mama pia, je nazo zaonyesha vituko? Hapana, safi kabisa. Hiyo yatosha kuniambia shida iko ndani ya mashine moja, si kwenye ruta. Ingekuwa vifaa vyote vyapelekwa kwenye kurasa za ajabu ningeanzia kwenye ruta, nitazame setingi za DNS, zile zinazoelekeza kila jina la saiti lipelekwe wapi, kama kuna mtu amezibadilisha, niirudishe hali ya kiwandani, nibadilishe ile paswadi ya admini ambayo wengi huiacha vile ilivyotoka dukani. Hapa haikuwa na haja.

Karatasi ya kijana ilipojaa tukaona kumbe si shida moja, ni shida nne zimekaa pamoja. Kuna vijisanduku vinachomoza pembeni chini kulia mwa skrini, vyekundu, ati kompyuta yako ina virusi bonyeza hapa, au umeshinda bahati nasibu, hivi huja ovyo bora Chrome iwe yafanya kazi. Kuna ukurasa wa kutafutia usiojulikana unaofunguka kila ukiwasha Chrome, wakati huo huo tu, haukosi. Kuna kurasa mpya zinazofunguka mtu akibonyeza popote kwenye saiti yoyote, hata saiti ya serikali. Na ya nne ndio iliyomtia mama hofu kweli, dirisha lajifungua lenyewe hakuna aliyegusa kitu, Chrome imefungwa kabisa, lakini ukitizama karatasi waona lilikuja kila baada ya saa moja, dakika ileile. Jini gani huyo afuata saa namna hiyo? Hiyo ni ratiba, kuna mtu ameiweka.

Tulianza na vile vijisanduku kwa sababu ndivyo rahisi na ndivyo vinavyotisha watu zaidi. Ile ni arifa ya saiti, haitoki kwa kompyuta wala kwa kinga ya virusi, na ukitizama vizuri ndani ya kijisanduku chenyewe kumeandikwa kwa herufi ndogo jina la brauza na anwani ya saiti inayoituma. Chrome iliruhusu saiti kutuma arifa tangu toleo la 42, mwaka 2015, kwa nia nzuri tu, upate ujumbe wa barua pepe au habari hata kama hujaufungua ule ukurasa. Wenye matangazo wakaona mlango. Mtu afungua saiti ya kutizama mechi bure, skrini yamwambia bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti, naye ataka mechi, abonyeza. Tangu hapo saiti ile ina ruhusa ya kumtumia chochote, hata akiifunga. Kijana alikiri hapo hapo kwamba usiku wa mpira wateja hukaa pale wakitafuta linki, basi ukiingia kwenye setingi, faragha na usalama, setingi za saiti, halafu arifa, orodha ya walioruhusiwa ilikuwa ndefu na majina yenyewe hayasomeki, herufi na namba tu zimechanganywa. Tukatoa zote. Halafu palepale juu tukachagua saiti zisiruhusiwe hata kuuliza, kwa sababu saiba haina haja ya arifa ya mtu yeyote. Vijisanduku vikakoma hapo hapo, bila dawa, bila kuinstoli kitu. Na kubonyeza Ruhusu peke yake hakuingizi virusi, ubaya uko kwenye kule wanakokupeleka ukibonyeza lile tangazo lenyewe, ambako ndiko wanakokwambia udaunlodi "kinga".

Nitoke nje kidogo ya kisa. Haya matangazo ya dirisha geni yana mtu aliyeandika kodi yake mwanzo, yaani maagizo ya programu, Ethan Zuckerman, alikuwa Tripod, kampuni ya kuwekea watu kurasa zao mtandaoni, miaka ya 1990, na mwaka 2014 aliandika waziwazi kuomba radhi. Alieleza kwamba kampuni moja ya magari iliona tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya aibu ikakasirika, wakatafuta njia tangazo lionekane bila kukaa ndani ya ukurasa wenyewe, ndio likapewa dirisha lake. Watu walichukia mpaka brauza zikaanza kuzuia, hata Internet Explorer ikapata kizuizi mwaka 2004 na Windows XP SP2. Siku hizi brauza hukataa dirisha linalofunguka bila mtu kubonyeza. Ndio maana wenye matangazo nao wakahamia kwenye bonyezo lako, wanasubiri uguse popote, hata ukigusa pahali patupu, walitumie hilo kufungulia ukurasa wao. Ukilijua hili utaelewa kwa nini kizuizi cha popapu, yaani cha hayo madirisha, kimewashwa kwenye setingi na bado kurasa zafunguka.

Turudi kwenye mashine. Kurasa zinazofunguka ukibonyeza kwenye saiti za mpira ni mambo ya saiti zile, utoke humo na yaishe. Lakini zikifunguka hata kwenye saiti ya serikali basi kuna kitu ndani ya brauza yako kinachochomeka kodi kwenye kila ukurasa unaoufungua, na kitu hicho karibu kila mara ni ekstensheni, kijiprogramu cha kuongezewa brauza. Tukaandika chrome://extensions, tukaikuta moja ati ya kubadilisha PDF, na kitufe cha kuitoa hakipo, imefungwa, yasema imewekwa na msimamizi. Ukifungua menyu, chini kabisa pameandikwa kwamba brauza inasimamiwa na shirika lako. Shirika gani? Saiba ina mama na kijana. Hiyo sentensi kwenye kompyuta ya ofisi kubwa ni kawaida na usiguse, wenye IT wao ndio wameweka, na hata baadhi ya kinga za virusi huweka sera zao humo, yaani amri ambazo brauza lazima izifuate, lakini kwenye kompyuta ya mtu binafsi ni lazima uulize.

Tukafungua chrome://policy, ikaonyesha sera inaitwa ExtensionInstallForcelist, na thamani yake ni ule mlolongo wa herufi 32 ambao ndio kitambulisho cha ekstensheni, tukalinganisha na ile ya PDF, ndiyo yenyewe. Yaani mtu ameandika ndani ya rejistri ya Windows, pale Windows inapoweka setingi zake na za programu, amri ya kuiambia Chrome iinstoli hii kitu na isimruhusu mwenye kompyuta kuitoa. Hapa ndipo wengi hukwama, waifuta Chrome waiinstoli upya, nayo yarudi, kwa sababu amri haiko ndani ya Chrome, iko nje. Mahali pake ni HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies, Google, Chrome, na utizame pia upande wa HKEY_CURRENT_USER njia hiyohiyo. Hifadhi nakala ya tawi hilo kwanza, rejistri si mahali pa kufuta kwa hasira, halafu ufute, uzime Chrome uiwashe. Lakini sikuifuta bado. Kilichoandika hapo mara ya kwanza kama kiko hai kitaandika tena, lazima umtafute mwenyewe kwanza.

Ndio tukaingia kwenye orodha ya programu zilizoinstoliwa, ukaipanga kwa tarehe, ya karibuni juu. Njia hii naipenda sana kwa sababu tarehe hazijui kudanganya sana. Programu tatu zimeingia siku moja, dakika chache kati yao, moja ni ya kubadilisha PDF na mbili hakuna aliyezijua. Kwenye historia ya brauza siku ile ile, kijana alikuwa ametafuta namna ya kugeuza PDF iwe Word, mteja ameleta CV ataka ibadilishwe tarehe, akabonyeza linki ya juu kabisa ambayo ni tangazo la kulipiwa, akadaunlodi, akabonyeza endelea endelea endelea. Kijana akainamisha kichwa. Nikamwambia mama asimgombeze, ile programu imetengenezwa na watu wazima kwa makusudi, tiki wameziweka wenyewe ndani ya ukurasa ambao wajua hakuna atakayeusoma, na mteja amesimama mbele yako yuagonga meza. Kilichokosekana ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa Word yenyewe, kuanzia ile ya 2013, yaweza kufungua PDF na kuigeuza, hahitaji kudaunlodi kitu.

Tukazitoa zote tatu. Halafu Task Scheduler, sehemu ya Windows inayopanga kazi za kujiendesha kwa saa, kwa ajili ya lile dirisha la kila saa. Humo orodha ni ndefu na nyingi ni kazi za Windows yenyewe, usiende ukifuta ovyo, wewe tizama kila kazi yafungua nini. Tulikuta moja imejipa jina kama la apdeti, lakini kitendo chake ni kufungua brauza na mwisho wa mstari pana anwani ya saiti, na ratiba yake ni kurudia kila saa. Programu imetolewa na kazi bado imebaki, hawa hawaondoki na vyombo vyao vyote. Niliizima kwanza, nisiifute, tukasubiri saa igonge na dakika ile ipite. Kimya. Ndio nikafuta, kwa sababu nataka kujua kwa hakika kwamba ilikuwa yenyewe.

Ule ukurasa wa kila ukiwasha Chrome ulikuwa kitu kidogo zaidi, shotkati ya dezktopu, ile picha ndogo unayoibonyeza kufungua programu. Ukiibonyeza kulia ukaingia kwenye sifa zake (Properties), kwenye ule mstari wa shabaha (Target), baada ya chrome.exe na alama ya kufunga nukuu hapatakiwi kuwa na anwani ya saiti. Hapa palikuwa nayo. Na ile iliyobandikwa chini kwenye taskbar ni shotkati nyengine kabisa, ukisafisha ya dezktopu pekee utasema dawa haikufanya kazi. Tukafuta zote mbili tukatengeneza mpya, tukatizama na setingi za ukurasa wa kuanzia na injini ya kutafutia zikarudishwa.

Baada ya hapo ndio tukafuta ile sera ya rejistri, kitufe cha kutoa ekstensheni kikarudi, ikatoka. Na kabla hata ya kuitoa tulizima usawazishaji wa akaunti ya Google kwenye Chrome ile, na hili nalisema kwa mkazo kwa kuwa ndilo linalofanya watu waape kwamba hata fomati haisaidii: ekstensheni zako huhifadhiwa na akaunti, ukifomati ukaingia tena na akaunti ileile, yaweza kukurudishia kila kitu, mema na mabaya. Mwisho nikapitisha AdwCleaner, programu ya kusafisha takataka za matangazo, ambayo tangu 2016 iko chini ya Malwarebytes, ni bure na haihitaji kuinstoliwa, ikaokota mabaki ya mafolda, halafu skani nzima ya Microsoft Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe. Ukikuta maelekezo ya zamani yanakwambia utumie kile kisafishaji kilichokuwa ndani ya Chrome kwenyewe, usikitafute, kiliondolewa 2023. Kilichobaki ni kitufe cha kuweka upya setingi, nacho si kibaya, hakifuti alamisho wala paswadi zako, lakini huzima ekstensheni na kufuta vidakuzi, na sera ya rejistri hakiigusi.

Kusafisha kukaisha, ikabaki ile sehemu ngumu. Ekstensheni ile ilikuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye saiti zote. Zote. Maana yake kwa muda ule wote mteja aliyeandika paswadi ya barua pepe au ya eCitizen pale kaunta, kilikuwepo kitu kinachoweza kuiona. Sina ushahidi kwamba iliiba, huenda kazi yake ilikuwa matangazo tu, lakini uwezo ilikuwa nao, na tena kijana alikumbuka mteja mmoja alibonyeza ndani ya fomu ya paspoti ukafunguka ukurasa unaofanana na wa malipo, ukiomba namba ya kadi, bahati yake hakuwa na kadi. Tizama anwani daima, ya eCitizen huishia ecitizen.go.ke na ya ritani ni itax.kra.go.ke, kufanana kwa rangi na nembo si hoja.

Nikamwambia mama, wateja waambiwe, wabadilishe paswadi zao. Akanyamaza. "Mwanangu, nikiwaambia si watahamia saiba ya pili?" Namuelewa, kodi ya chumba haingoji. Lakini mtu amekukabidhi kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake na paswadi yake kwa vile hana kompyuta nyumbani, hana pahala pengine, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 nayo haikuandikwa kwa ajili ya mabenki peke yake. Nikamwambia atakayehama kwa kuambiwa ukweli ni mmoja, akijua mwenyewe baadaye ni mtaa mzima. Alifikiria, akamwambia kijana alete daftari la fomu, mna namba za simu.

Wakati wao wapiga simu mimi nikapanga mashine upya. Kijana ana akaunti yake ya Windows isiyo ya admini, kitu kikitaka kuandika kwenye mashine nzima lazima mama aweke paswadi yake. Wateja watumia Chrome ya mgeni, ambayo haibebi ekstensheni, na dirisha likifungwa historia na kuingia kwao kote kwaondoka, kwa sababu kwenye ile ya zamani tulikuta akaunti za Gmail za watu wengine zimebaki wazi, wenyewe washasahau. Mechi zimehamishwa zimepelekwa kwenye kompyuta ya pili, na hiyo haijazi fomu ya mtu.

Wateja kadhaa walirudi jioni ile ile baada ya kupigiwa, hakuna aliyekuja kugomba. Mmoja, mzee wa Majengo, aliketi kitako akasema, "Haya kijana, nibadilishie, na safari hii paswadi nitaiandika mimi mwenyewe," kijana akageuza kiti akatizama upande wa mlango mpaka mzee akamaliza.